Januari Sebuleni: Maji Yaliyoachwa na Sikukuu

Kwetu Marangu, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, nyumba hupendezeshwa kabla ya Krismasi. Mwanzoni mwa Desemba, ndugu walioko Dar es Salaam, Arusha na Mwanza wakiwa bado hawajaanza kupanda mlima kuja kuhesabiwa, kama tunavyotaniwa sisi tunaorudi nyumbani kila sikukuu, kina mama huwa wamekwisha kung'arisha sakafu ya saruji kwa nta nyekundu, kufua mapazia, kupiga pasi vitambaa vya makochi na kumwita fundi apake rangi pale palipochubuka. Sikukuu ikishapita, sebule huachwa kama ilivyo, kwa kuwa Januari ni mwezi wa ada za shule na madeni, na hakuna mwenye akili timamu anayefikiria mapazia mapya. Hapa Reading, magharibi ya London, ninakoishi na mume wangu na watoto wetu katika nyumba ya kupanga, mambo huenda kinyume. Kazi yenyewe ya sebule huanza wageni wanapokuwa wameondoka, mti umeshushwa, na majira ya baridi yamebakiza wiki nyingi mbele yake. Ushauri mwingi ninaousoma juu ya kuirudishia sebule uhai baada ya sikukuu umeandikwa na watu wanaotaka ninunue mito, mishumaa au zulia. Uzoefu wangu umenionyesha kwamba sebule ya Januari katika nchi hii huhitaji kwanza kukaushwa, kisha kupatiwa mwanga, na mapambo huja baadaye sana.

Kushusha mapambo hakuna maelezo mengi. Desturi ya Waingereza ni kuyaondoa ifikapo usiku wa tarehe 5 au 6 Januari, na wapo majirani wanaoamini kwa dhati kwamba kuyaacha yapitilize siku hizo ni kujitafutia nuksi. Mti wa asili haufai kutupwa na takataka za kawaida. Halmashauri nyingi huupokea na kuusaga ukawa mbolea au matandazo ya bustani, mradi uwe umevuliwa kila pambo na kila waya. Karatasi za zawadi nazo zina mtihani wake mdogo: ukiifinyanga karatasi mkononi na ikabaki imejikunja, aghalabu inaweza kurejelezwa, lakini ikijifungua yenyewe, au ikiwa ina unga wa kumetameta, hiyo ni ya pipa la taka. Sisi tulikuwa na mti wa aina ya spruce, jamaa ya ule ambao mji wa Oslo umekuwa ukiupelekea London kila mwaka tangu 1947 usimamishwe Trafalgar Square. Ni mti mzuri kwa harufu, ila majani yake membamba kama sindano hudondoka upesi ndani ya nyumba yenye joto, na mwezi Machi bado huyakuta kwenye soksi za watoto.

Baada ya mti kutoka, nilimpigia mama simu ya video kumpa heri ya mwaka mpya, na nikamzungushia simu aione sebule. Nilikuwa nimekwisha kuondoa kila kitu kilichowezekana kuondolewa: picha ukutani, mito, stuli, mkeka, hata kabati dogo la vitabu. Baada ya shikamoo na marahaba alinyamaza kidogo, akauliza, "Mwanangu, mmeibiwa?" Nilipomweleza kwamba nimetoa vitu makusudi ili nikione chumba, alisema kwamba huko kwao mtu hutoa vitu ndani anapohama au anapofiwa, na akanitaka nirudishe angalau vitambaa vya makochi alivyonifumia mwenyewe kwa kroshia, ili wageni wasidhani mambo yameniharibikia. Nilimwitikia "ndiyo mama" lakini sikurudisha kitu. Chumba kitupu kinasema mambo ambayo chumba kilichojaa hukaa kimya juu yake, na chetu kilikuwa na la kusema.

Tuliposogeza kochi refu lililokuwa limeegemea ukuta wa mbele, ule ulio chini ya dirisha, tulikuta kwanza vile ambavyo kila mtu angetarajia: majani makavu ya mti, maganda ya karanga, kipande cha fumbo la picha ambacho binti yetu Neema alikuwa amemtuhumu mdogo wake kukimeza, na betri mbili zilizoviringika kutoka kwenye rimoti. Nyuma ya hayo, kuanzia kwenye ubao wa chini ya ukuta hadi kimo cha goti, rangi nyeupe ilikuwa imeshambuliwa na madoa meusi ya kuvu, madogo na ya mviringo, yaliyosongamana zaidi pembeni, ambako hewa haikuwa ikifika kabisa. Kitambaa cha nyuma ya kochi kilikuwa baridi na kilitoa harufu ya uvundo. Mkeka wa ukili niliokuwa nimeutundika upande huohuo wa ukuta, uso wake ulikuwa msafi bila dosari, lakini nilipougeuza niliona ukungu wa kijivu ukifuata mshono baada ya mshono, mahali ambapo kamba za ukili hushonewa pamoja na kuacha mfereji mwembamba wa kivuli.

Ni rahisi kudhani kwamba ukuta ulikuwa ukivuja mvua, na ndilo jambo la kwanza alilolifikiria mume wangu. Lakini doa la uvujaji huwa na umbo lake: huacha mstari wa rangi ya chai pembezoni na hukua baada ya kila mvua kubwa. Madoa yetu hayakuwa hivyo. Maji yake yalitoka ndani ya nyumba, na tuliyatengeneza sisi wenyewe na wageni wetu katika majuma ya sikukuu. Hewa yenye joto hubeba mvuke mwingi kuliko hewa ya baridi, na inapogusa kitu cha baridi hushindwa kuendelea kuubeba, ndipo matone hutokea, kama chupa ya soda iliyotolewa kwenye friji inavyotoa jasho mezani. Sasa hesabu kilichokuwemo katika chumba kile: watu wazima na watoto waliojaa kwenye makochi na sakafuni wakipumua na kuimba, sufuria za pilau na mtori zilizochemka jikoni mlango ukiwa wazi, makoti yaliyoloa yaliyotundikwa juu ya rejeta ya kupasha joto, nguo za watoto zilizoanikwa ndani kwa sababu nje hakukauki kitu, na mti wenyewe uliokuwa ukinyweshwa maji kila asubuhi na kuyatoa yote hewani kupitia majani yake. Madirisha yalikuwa yamefungwa mwezi mzima kwa kuogopa baridi na bili ya gesi. Unyevu huo ulitafuta mahali pa baridi zaidi pa kutua, na mahali hapo palikuwa nyuma ya kochi.

Kwa nini ukuta ule hasa? Nyumba yetu ni mojawapo ya zile za matofali zilizojengwa kwa safu, zikishikana bega kwa bega, zama za Malkia Victoria. Nyumba nyingi za Uingereza zilizojengwa kabla ya miaka ya 1920 zina kuta za nje zilizo tofali tupu mwanzo hadi mwisho, zisizo na ule uwazi katikati ambao wajenzi wa baadaye waliuacha na ambao siku hizi hujazwa nyenzo za kuzuia joto lisitoke. Ukuta wa namna hiyo hupoteza joto haraka. Lakini nyumba ya safu ina bahati moja: kuta zake mbili za ubavuni si za nje, kwa sababu upande wa pili kuna jirani naye anayepasha nyumba yake joto. Asubuhi moja kabla rejeta hazijawaka nilipita chumbani nikibandika kiganja ukutani, upande baada ya upande. Ukuta wa mbele ulinifanya niondoe mkono. Ule unaotutenganisha na jirani wa kushoto ulikuwa wa uvuguvugu, na wa kulia, wenye dohani iliyozibwa zamani, ulikuwa katikati ya hizo mbili. Kipimo hicho kisicho na gharama ndicho kilichokuja kuamua mpango mzima wa sebule yetu, na naona ni kipimo bora kuliko michoro yote ya upangaji wa samani niliyowahi kuiona.

Kabla ya mpango, kuvu ilibidi itoke. Nitalieleza hili kwa urefu kwa sababu nimeona watu wakilifanya kwa namna inayoongeza tatizo. Kuvu haisuguliwi ikiwa kavu kwa brashi, kwa maana hiyo ni kuirusha hewani na kuivuta mapafuni. Nilivaa glavu na barakoa, nikafungua dirisha, nikafunga mlango wa kuelekea ndani, nikapaka dawa ya kuua kuvu inayouzwa kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi, nikaiacha ikae kwa muda ulioandikwa kwenye chupa, kisha nikafuta kwa matambara ambayo niliyafunga kwenye mfuko na kuyatupa bila kuyafua. Mtu asichanganye dawa ya klorini na dawa nyingine yoyote ya usafi, hasa ile yenye amonia, kwa kuwa hewa inayotoka hapo ni sumu. Halafu ukuta huachwa ukauke kabisa. Kupaka rangi juu ya kuvu, au juu ya ukuta uliolowa, ni kuifunika tu. Hurudi ikipenya, na huwa imeharibu na rangi mpya pia. Mkeka niliufuta kwa kitambaa kilicholoweshwa siki na kukamuliwa sana, nikauning'iniza juu ya reli ya ngazi mahali penye hewa hadi harufu ilipoisha. Si kila ukili huokoka. Huu uliokoka ukiwa na weusi kidogo kwenye mshono mmoja.

Lipo jambo la mpangaji na mwenye nyumba ambalo siwezi kulipita. Wakala wa nyumba yetu alipopokea picha nilizomtumia, alijibu kwa barua fupi kwamba kuvu husababishwa na "namna mnavyoishi" na akatushauri tupike kidogo. Nimeeleza hapo juu kwamba ni kweli unyevu ulitoka kwetu, lakini watu kuishi ndani ya nyumba si kosa, na nyumba inayopangishwa inapaswa kuhimili watu wanaopumua, kuoga na kupika. Jibu la aina hiyo lina historia nzito katika nchi hii. Mwaka 2020 mtoto wa miaka miwili, Awaab Ishak, ambaye wazazi wake walitoka Sudan, alifariki huko Rochdale, na mnamo Novemba 2022 uchunguzi wa kisheria ulihitimisha kwamba kifo chake kilitokana na ugonjwa mkali wa kupumua uliosababishwa na kukaa muda mrefu katika nyumba yenye kuvu, ambayo wazazi walikuwa wamekwisha kuilalamikia. Sheria inayobeba jina lake ilianza kutumika England tarehe 27 Oktoba 2025 kwa nyumba za kupanga za jamii, yaani zile za halmashauri na vyama vya makazi, na inawataka wamiliki wachunguze unyevu na kuvu yenye hatari kubwa ndani ya siku 10 za kazi, na dharura ndani ya saa 24. Sisi tumepanga kwa mtu binafsi, kwa hiyo njia yetu ilikuwa kumkumbusha wakala, kwa maandishi na kwa adabu, kwamba maofisa wa afya ya mazingira wa halmashauri wana mamlaka ya kukagua nyumba kwa mujibu wa Sheria ya Makazi ya mwaka 2004, na kwamba unyevu na kuvu vimo katika hatari wanazozipima. Baada ya barua hiyo alikuja fundi. Alikuta kwamba kitundu cha hewa kwenye dohani iliyozibwa kilikuwa kimepakwa rangi juu kwa juu na mtu aliyetutangulia, akakizibua, na akabadilisha feni ya jikoni iliyokuwa ikipiga kelele tu pasipo kuvuta kitu.

Kazi iliyobaki ilikuwa yetu, na sehemu yake ngumu ilikuwa kumshawishi Baba Neema kwamba dirisha lifunguliwe mwezi Januari. Hoja yake ilikuwa nzuri kwa kuitazama: nje kuna mvua, hewa ya nje imelowa, na tunalipia joto. Lakini hewa ya baridi, hata siku ya mvua, hubeba mvuke kidogo kuliko hewa ya ndani yenye joto. Ikiingia na kupashwa joto huwa kavu zaidi, tayari kunywa unyevu wa chumba. Na joto kubwa la nyumba halimo hewani, limo katika kuta, sakafu na samani, ndiyo maana kufungua madirisha wazi kabisa, ya mbele na ya nyuma, kwa dakika 10 hivi kisha kuyafunga hugharimu kidogo kuliko kuliacha moja limefunguka kidogo siku nzima huku ukuta ulio karibu nalo ukipoa. Maneno haya hayakumshawishi. Kilichomshawishi ni kipima unyevu kidogo cha bei rahisi nilichokiweka juu ya rafu karibu na runinga, ambako macho yake hayana budi kufika. Kabla ya kufungua kilikuwa kikisoma zaidi ya asilimia 75, na alikishuhudia kikishuka mbele yake. Wanaojua mambo haya hupendekeza unyevu wa ndani uwe kati ya asilimia 40 na 60. Sasa yeye ndiye mlinzi wa kipimo hicho, na ananiuliza kila ninapochemsha maharage kama nimefunika sufuria.

Ndipo tukafika kwenye kupanga. Kwa kuwa ukuta wa jirani wa kushoto ndio wenye uvuguvugu, kochi refu lilihamia huko, na kochi dogo likakaa pembeni ya dohani, likiwa limeachiwa nafasi ya upana wa kiganja kutoka ukutani ili hewa ipite. Ukuta wa mbele haukupewa kitu chochote kirefu. Upo mti mdogo uliopandwa kwenye chungu, na rejeta iliyokuwa imefichwa na kochi miaka yote imepata uso wake, kwa hiyo joto linafika chumbani badala ya kupika mgongo wa kochi. Mabadiliko hayo yaliisogeza runinga kutoka mahali palipoheshimiwa sana siku za mpira. Kulikuwa na mazungumzo. Mama Neema, niliambiwa, unataka tuitazame ligi kwa ubavu? Tulikubaliana iwekwe kwenye meza yenye magurudumu, na hadi leo husogezwa Jumamosi na kurudishwa Jumapili kabla ya ibada.

Mwanga ulikuwa jambo la pili, na hapa mtu aliyekulia karibu na ikweta inambidi ajifunze upya namna ya kulitazama jua. Marangu, saa sita mchana siku za kuikaribia Krismasi, jua liko juu sana, kivuli cha mtu kimejikusanya miguuni, na nyumba hujengwa na baraza na mapaa mapana ili jua lisiingie ndani. Reading, tarehe hizohizo, jua la adhuhuri halifiki hata nyuzi 16 juu ya upeo wa macho, linachomoza baada ya saa mbili asubuhi na kuzama kabla ya saa kumi jioni. Lakini kwa kuwa liko chini hivyo, miale yake huingia karibu mlalo kupitia dirisha linalotazama kusini na kufika hadi ukuta wa nyuma wa chumba, kina ambacho jua la Julai haliwezi kamwe kukifikia. Sebule yetu inatazama kusini. Miaka yote mwanga huo ulikuwa ukikomea kwenye pazia jepesi la wavu lililokuwa limegeuka rangi ya majivu na kwenye vioo vyenye utando wa mvuke uliokauka na alama za vidole vya watoto. Nililishusha pazia lile, nikaosha vioo kwa ndani na nje, na saa sita mchana siku iliyofuata jua lilipiga ukuta wa nyuma likaonyesha kila chembe ya vumbi iliyokuwa ikielea, pamoja na utando wa buibui ambao nisingeuona kwa taa ya aina yoyote. Sikununua kioo kikubwa kama wanavyoshauri wengi. Tulichukua kilichokuwa kwenye korido na kukitundika ukutani mwa nyuma, kikielekea dirishani, na kinaturudishia sehemu ya jua hilo kwenye dari.

Ili wapita njia wasituone ndani, tulibandika karatasi nyepesi ya kufifisha kioo kwenye nusu ya chini ya vioo tu, ile inayoondoka bila kuacha gundi, kwa kuwa mwenye nyumba hataki kitu cha kudumu. Mapazia mazito nayo yalipunguzwa urefu. Yalikuwa yakishuka hadi sakafuni mbele ya rejeta, hivyo kila jioni tulipoyafunga tulikuwa tukilipasha joto dirisha huku sisi tukibaki na baridi upande wa pili wa kitambaa. Nikayakata yaishie juu kidogo ya rejeta, na kile kilichokatwa nikakitumia kuongeza bitana pale palipokuwa pepesi. Sasa hufungwa mara tu giza linapoingia na kufunguliwa asubuhi mapema, jambo ambalo pia huipa hewa nafasi ya kukausha kioo.

Taa zilinichukulia muda kuliko nilivyotarajia. Kwetu taa nyeupe inayomulika chumba kizima ni alama ya neema, na siwalaumu wanaoipenda; katika joto la mji wa Moshi mwanga mweupe huonekana wa baridi na safi. Lakini katika mwezi ambao giza huingia watoto wakiwa njiani kutoka shule, taa moja nyeupe katikati ya dari iliifanya sebule yetu ifanane na chumba cha kusubiria zahanati. Balbu za siku hizi huandikwa rangi ya mwanga kwa vipimo vya kelvini: 2700 ni wa manjano yenye joto, 4000 ni mweupe wa ofisini, na 6500 una ubuluu. Tulizima taa ya dari jioni, tukaweka taa za mezani kwenye pembe tofauti zenye balbu za 2700, moja nyuma ya kochi kwa ajili ya anayesoma, nyingine chini karibu na mti wa chungu ili kivuli cha majani kipande ukutani. Ile nyeupe ya dari tumeiacha kwa kazi zake: kutafuta sindano iliyoanguka, na kazi za shule za hisabati.

Vitambaa vilikuja mwisho, na bila haraka. Foronya za mito tuliyokuwa nayo zilikuwa za rangi nyekundu na kijani ya Krismasi. Mito ya ndani nikaibakiza, foronya nikashona mpya kutokana na vipande vya vitenge vilivyobaki kwenye sare za harusi ya shemeji yangu, vya rangi ya haradali na samawati iliyoiva. Kitenge kina faida ambayo watengenezaji wa mito ya madukani hawaijui: hufuliwa, hukauka upesi, na katika mwanga wa kijivu wa Januari rangi zake hazizimiki. Blanketi la sufu tulilipata kwenye duka la hisani, na ndiko pia tulikopeleka mito mingine, vikapu na masanamu ambayo hakuna aliyeyaulizia tangu yaondoke. Hicho ndicho kigezo nilichokitumia. Kitu kilirudishwa pale mtu alipokitafuta, na si kwa sababu kilikuwepo. Watoto waliulizia stuli, kwa sababu ndiyo meza yao ya kuchorea. Mume wangu aliulizia picha ya baba yake. Kabati la vitabu lilirudi, lakini kwenye ukuta wa ndani. Mkeka umetundikwa juu ya kochi refu upande wa jirani, ukiwa umetenganishwa na ukuta kwa vipande vidogo vya kizibo nyuma ya kila pembe. Vitambaa vya kroshia vya mama vimewekwa mikononi mwa makochi, na nilimpigia tena kumwonyesha. Alivikagua kimoja baada ya kingine, akasema kile cha kulia kimepinda.

Zulia bado halijaguswa zaidi ya kufyonzwa vumbi. Lina doa la juisi ya zabibu la usiku wa mwaka mpya na alama ya miguu ya kochi mahali lilipokuwa, na ile mashine ya kukodi inayoosha kwa maji ya moto ingelitoa doa hilo bila shida. Lakini zulia lililooshwa Januari hubaki na unyevu hadi chini kwenye sponji yake kwa siku nyingi, na kipima unyevu kilicho kando ya runinga kingetusomea habari zake. Tumelisogezea kochi dogo lifunike doa, na mashine tutaikodi kuelekea mwisho wa Aprili, wakati madirisha yanaweza kukaa wazi tangu asubuhi hadi jioni.